Ukifichua Ufisadi, Sheria Iko Upande Wako

Umedaiwa hongo ndipo upewe mbolea ya ruzuku? Ripoti. Chini ya Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016, anayemtisha au kumnyanyasa mtoa taarifa aweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, kufungwa hadi mwaka 1, au yote mawili. Ukifichua ukwepaji wa kodi, Mamlaka ya Mapato (KRA) hutoa zawadi ya asilimia 5 ya kodi iliyopatikana, isiyozidi shilingi milioni 5.

David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua wizi wa fedha za umma katika kashfa ya Goldenberg, alipoteza kazi akafa maskini mwaka 2006. Tusikubali yaliyompata yajirudie.

Andika tarehe, tunza risiti, kisha iarifu Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Waweza kuficha jina lako. Sema kweli tupu, maana kinga haimhusu mzushi.