Nani Ni Mgeni Uwanjani? Fundisho Kutoka Ligi ya Wanawake ya Marekani

(Mazungumzo mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, machefu wa mitaa na wanakamati wa amani, Kalemie)

 

Swali la leo lilitoka kwenu. Katika mashindano ya wasichana ya mitaa, timu moja iliandikisha wasichana wanne wanaokaa katika eneo la wakimbizi wa ndani. Timu ya pili ikakataa kucheza, ikisema: "Hao ni wageni, wanachukua nafasi ya watoto wetu." Mpira ukasimama. Maneno yakatoka uwanjani, yakaingia sokoni na kwenye bomba la maji. Kwa hiyo kamati imeomba tuangalie jinsi wengine duniani wanavyolipanga jambo la wachezaji wageni. Nimechagua ligi kuu ya mpira wa wanawake ya Marekani, inayoitwa NWSL. Ina wageni wengi, na baadhi yao ni majirani zetu.

Sheria iliyoandikwa kabla ya ugomvi

Marekani haikufaulu mara ya kwanza. Ligi ya WUSA ilicheza toka mwaka 2001 hadi 2003, ikafa kwa kukosa pesa. Ligi ya WPS ilianza mwaka 2009, ikacheza misimu mitatu, ikafungwa mwaka 2012. NWSL ilianza kucheza mwaka 2013 ikiwa na timu 8 tu. Mwanzoni, mashirikisho ya mpira ya Marekani, Canada na Mexico yalisaidia kulipa mishahara ya wachezaji wao wa timu za taifa ili klabu zipate kuishi. Mwaka 2024 timu zilikuwa zimefika 14.

Katika ligi hiyo, idadi ya wageni imewekwa katika kanuni. Mwaka 2024 kila klabu ilipewa nafasi 7 za wachezaji wa kigeni, maana yake nafasi 98 kwa ligi nzima. Klabu isiyohitaji nafasi zake zote inaweza kuipa klabu nyingine kwa makubaliano, lakini jumla ya ligi haiongezeki. Klabu moja inaweza kuwa na wachezaji hadi 26. Basi mlango uko wazi, lakini wachezaji wa nyumbani wanabaki wengi.

Angalieni vizuri jambo hili. Kanuni inaandikwa kabla msimu haujaanza. Kila klabu inaijua, na ni moja kwa klabu tajiri na klabu maskini. Timu ikifungwa mabao matatu haiwezi kusimama katikati ya mchezo na kuanza kuuliza huyu alizaliwa wapi.

Kuna jambo lingine. Mwezi wa Agosti 2024 ligi na chama cha wachezaji walitangaza mkataba mpya unaofika hadi mwaka 2030. Kwa mkataba huo, mchezaji hawezi kuhamishiwa klabu nyingine bila yeye mwenyewe kukubali. Hilo linamfaa mwenyeji, lakini linamfaa zaidi mgeni, kwa sababu aliye mbali na wazazi wake ndiye rahisi kusukumwa huku na huku.

Wageni wameleta nini?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuone kama ni kweli.

Temwa Chawinga ni binti wa Malawi, nchi ambayo watu hawakuizoea kuitaja katika habari za mpira. Alicheza kwanza Sweden, kisha China, na mwaka 2024 akafika katika klabu ya Kansas City Current. Mwaka huo alifunga mabao 20, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja, akachaguliwa mchezaji bora. Mwaka 2025 akachaguliwa tena. Hakuna aliyewahi kupata heshima hiyo miaka miwili mfululizo mbele yake.

Racheal Kundananji na Barbra Banda ni wa Zambia. Wengine kati yenu mnaijua Zambia kwa miguu yenu, maana mliishi katika kambi za Kala na Mwange kabla ya kurudi Moba na Pweto. Mwezi wa Februari 2024, Kundananji alinunuliwa na klabu ya Bay FC kutoka Madrid kwa bei ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote katika mpira wa wanawake duniani. Mwezi uliofuata Banda akasajiliwa na Orlando Pride. Tarehe 23 Novemba 2024 Orlando ilicheza fainali na Washington Spirit, ikashinda 1-0. Bao lilifungwa na Banda. Kapteni wa timu hiyo alikuwa Marta, ambaye ni Mbrazili. Kwa hiyo mji mmoja wa Marekani ulisherehekea ubingwa kwa mguu wa Mzambia na uongozi wa Mbrazili.

Hofu ya wenyeji

Pamoja na hayo, tusiidharau hofu ya mwenyeji. Msichana wa Marekani aliyekaa benchi kwa sababu ya mgeni amepoteza kitu cha kweli. Ni sawa na mama wa hapa Kalemie anayeona bei ya muhogo imepanda na maji ya bomba hayatoshi tangu watu waongezeke. Ukimwambia mama huyo kwamba ana roho mbaya, hujamsaidia, na hujaleta amani. Anastahili jibu.

Jibu la kwanza ni ule mpaka wa idadi, unaomhakikishia kwamba nafasi zake haziwezi kwisha zote. Jibu la pili linaonekana baada ya muda. Mwaka 2024, mwaka ule ule Temwa alipowafunga mabao 20, timu ya taifa ya wanawake ya Marekani ilishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Paris. Wengi wa wachezaji wake walitoka katika ligi hiyo hiyo yenye wageni. Beki anayefanya mazoezi na kupambana na mshambuliaji mkali kila wiki hawezi kubaki dhaifu. Zambia nayo ilifika Paris, Banda na Kundananji wakiwa katika timu. Kwa hiyo faida ilirudi pande zote mbili.

Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa ligi hakuja kula bure. Amepewa jembe lake, naye analima mbele ya macho ya watu.

Mkimbizi hahesabiwi mgeni

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague mfano huu. Je, kanuni za ligi ya Marekani zinamwita nani mgeni? Mwenye uraia wa Marekani ni mchezaji wa nyumbani. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu ni mchezaji wa nyumbani. Na mtu aliyetambuliwa rasmi kuwa mkimbizi, au aliyepewa hifadhi, naye ni mchezaji wa nyumbani. Hachukui hata nafasi moja kati ya zile 7.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mchezaji wa kigeni ana nyumba anayoweza kurudi mkataba ukiisha. Aliyekimbia vita amefungiwa mlango nyuma yake. Mahali alipopokelewa ndipo anapoishi, ndipo watoto wake wanaposoma. Ukimhesabu mgeni pale pia, atakuwa mgeni kila mahali.

Mfikirie Nadia Nadim, aliyezaliwa Herat, Afghanistan, mwaka 1988. Baba yake alikuwa jenerali wa jeshi, akauawa na Taliban mwaka 2000. Mama akakimbia na mabinti zake watano, wakapitia Pakistan, wakafika Denmark. Katika kituo cha wakimbizi huko ndipo Nadia alipoanza kucheza mpira. Mwaka 2009 alivaa jezi ya timu ya taifa ya Denmark. Baadaye alicheza Marekani, na mwaka 2017 alikuwa katika kikosi cha Portland Thorns kilichochukua ubingwa wa NWSL. Hakuacha masomo: mwaka 2022 alimaliza udaktari. Kama Denmark ingemwambia mtoto yule "kaa nje, wewe ni wa kambi", ingekosa mfungaji na daktari kwa pamoja.

Kama nchi ya mbali inaweza kumhesabu mkimbizi kutoka nje kuwa mchezaji wa nyumbani, tutasema nini juu ya msichana wa Kongo aliyekimbia kutoka kijiji cha Kongo kwenda mji wa Kongo? Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinasema wazi kwamba watu hao wana haki sawa na raia wengine wa nchi yao. Msichana huyo si mgeni. Ni raia aliyepoteza nyumba.

Hata sisi tumepona kwa mgeni

Tarehe 23 Novemba 2024, siku ile ile Banda alipofunga huko Marekani, wanawake wa TP Mazembe wa Lubumbashi walikuwa El Jadida, Moroko, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Waliishinda AS FAR, timu ya jeshi la Moroko, 1-0, kwa bao la Marlène Kasaj. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Afrika kwa klabu ya wanawake ya nchi yetu. Kocha wao alikuwa nani? Lamia Boumehdi, mwanamke wa Moroko. Aliwaongoza mabinti zetu kuishinda timu ya nchi yake mwenyewe, katika ardhi ya nchi yake. Hakuna Mkongomani aliyesema siku ile kwamba huyu ni mgeni, atoke. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Merveille Kanjinga wa Mazembe akasajiliwa na Paris Saint-Germain. Huko Ufaransa, mgeni akawa ni binti yetu. Tulifurahi alipofunguliwa mlango, basi na sisi tusifunge wetu.

Tunajua pia uvumi unaweza kufanya nini. Mwezi wa Agosti 2007, hapo Moba, ulienea uvumi kwamba watu wa kabila fulani wanarudishwa kwa siri pamoja na wakimbizi waliotoka Zambia. Watu walishambulia ofisi za Umoja wa Mataifa, wafanyakazi wakajeruhiwa. Neno "wageni" linaposemwa bila sheria inayojulikana, halichelewi kuwa jiwe.

Tufanye nini?

Kwa machefu na wanakamati, ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kanuni za mashindano ya wasichana ziandikwe kabla ya mchezo wa kwanza, zisomwe mbele ya wote, na nakala ibaki kwa chefu. Pili, ziseme wazi kwamba anayekaa katika mtaa, awe mwenyeji au aliyekimbia, ni mchezaji wa mtaa huo. Kama mnataka mpaka, uwekwe kwa wachezaji wanaoletwa kutoka mji mwingine kwa ajili ya mashindano tu. Tatu, malalamiko yapelekwe kwa kamati yenye wenyeji na wakimbizi pamoja, na jibu litoke kabla ya mchezo unaofuata. Malalamiko yasiyojibiwa hayalali. Yanahamia sokoni.

Kwa wazazi nina neno la tahadhari. Habari hizi za mafanikio zinawavuta pia wadanganyifu. Mtu anaweza kufika na kusema atampeleka binti yako kucheza Ulaya au Marekani, akaomba pesa au vyeti vyake. Jueni kwamba sheria za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira, au mtoto kukimbia hatari. Uhamisho wa kweli unapitia klabu na mashirikisho ya nchi zote mbili; kwetu ni FECOFA. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA. Anayetaka kuondoka usiku na mtoto, bila karatasi na bila chefu kujua, hatafuti mchezaji. Mkatalieni, na mtoe habari haraka.

Nanyi wasichana, someni huku mkicheza. Nadia alifanya yote mawili.

Ndugu zangu, mpira hauwezi kumaliza vita vyetu peke yake. Lakini uwanja ni mahali ambapo watoto wa mwenyeji na wa aliyekimbia wanaweza kuvaa jezi moja kwa dakika tisini, chini ya sheria moja, mbele ya wazazi wao wote. Tukishindwa kuelewana juu ya uwanja, tutaelewanaje juu ya shamba na maji? Tuanzie hapo penye urahisi.

 Sasa ninawaachia nafasi ya maswali, na ninawaomba wamama waanze.