Springi Juu ya Shokapu: Nati ya Katikati Hufunguliwa Mwisho

Leo tunakwenda kwenye gurudumu la mbele, tutazame jinsi springi inavyofungwa kwenye shokapu. Kama wewe ni fundi, kijana unayejifunza gereji, au mwenye gari unayelipia kazi hiyo, sogea karibu na redio. Kazi hii haimalizi hata nusu siku, lakini ukiruka hatua moja inaweza kukuvunja taya.

Kwanza tutenganishe kazi za vitu hivi viwili, maana wengi huvichanganya. Kinachobeba uzito wa gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Gari likiingia shimoni, springi hujikunja, kisha hujirusha. Ikiachwa peke yake, gari litaendelea kudundadunda hata baada ya shimo kupita. Ndani ya shokapu mna oili na pistoni yenye matundu madogo. Pistoni ikisogea, oili hulazimika kupenya kwenye matundu hayo kwa shida, na ile nguvu ya kudunda hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu iliyotoka kwenye barabara ya makorongo huwa ya moto ukiigusa.

Magari mengi madogo tuliyo nayo, kina Vitz, Corolla na Probox, upande wa mbele yana shokapu iliyovishwa springi, vyote vikawa kitu kimoja kilichosimama wima. Mtindo huu huitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni katika miaka ya 1940. Ford ya Uingereza iliutumia kwenye Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo umeenea dunia nzima kwa sababu unachukua nafasi ndogo na vipuri vyake si vingi.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Springi iliyo kwenye shokapu haijalegea, hata gari likiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia. Imebanwa kati ya sahani ya chini na mauntingi ya juu, na kinachoizuia isifyatuke ni nati moja tu, ile ya katikati juu ya fimbo ya shokapu. Chukua mfano wa springi inayohitaji kilo 2 na nusu kuibana kwa kila milimita. Ukiibana sentimita 15, inakusukuma kwa nguvu ya kilo 375. Nishati iliyofungiwa humo inazidi ya mfuko wa simenti wa kilo 50 ulioanguka kutoka nusu mita. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: nati ya katikati haifunguliwi mpaka springi iwe imebanwa na inacheza kwenye sahani zake.

Tuingie kazini. Zuia magurudumu ya nyuma, inua gari, kisha liweke juu ya stendi. Usitegemee jeki peke yake. Ondoa mpira wa breki na waya wa ABS kwenye vishikizo vyake, ili visije vikavutika. Fungua bolti za chini, kisha nati ndogo za juu zilizo chini ya boneti, nazo kwa kawaida ni tatu. Ile ya katikati iache kama ilivyo. Toa shokapu nzima pamoja na springi yake.

Hapo ndipo panapohitajika kibanio cha springi. Kile cha kawaida ni parafujo mbili ndefu zenye ndoana. Zifunge zikikabiliana, moja upande huu na nyingine upande wa pili, kisha kaza kwa zamu: mizunguko michache huku, michache kule, kwa spana ya mkono. Ukikaza upande mmoja tu, springi itapinda na kuchomoka. Kamba, minyororo na waya havifai kabisa. Na kichwa chako kisikae juu ya springi hata dakika moja.

Springi ikishabanwa hadi inacheza kwenye sahani zake, fungua nati ya katikati. Kagua mauntingi, beringi yake, raba ya kuzuia kugonga na kifuniko cha vumbi; vilivyochakaa vibadilishwe sasa hivi, usije ukairudia kazi yote. Shokapu mpya isimamishe wima, uipampu mara kadhaa mpaka iende kwa uzito ule ule kutoka juu hadi chini, maana ikilazwa stoo hewa huweza kuingia kwenye oili. Usiibane fimbo yake kwa plaizi. Mkwaruzo mdogo tu utachana sili, na oili itaanza kuvuja.

Unapovisha springi, tafuta ngazi ndogo iliyopo kwenye sahani ya chini. Ncha ya springi lazima ikae hapo. Ikipanda juu ya ngazi, utasikia mlio kila ukikata kona, na springi yenyewe inaweza kuvunjika. Weka nati mpya, ikaze kwa kipimo cha mtengenezaji, ndipo ulegeze kibanio, tena kwa zamu, huku ukitazama ncha isihame.

Badilisha shokapu za mbele zote mbili, kulia na kushoto. Ukibadilisha moja, gari litavuta upande mmoja hasa unapofunga breki ghafla. Ukishamaliza, peleka gari likapimwe alaimenti, vinginevyo matairi yataliwa upande.

Vijana wa gereji, kama hamna kibanio, azimeni kwa jirani au mwambieni mteja asubiri. Nawe mwenye gari, kabla hujakubaliana bei, mwombe fundi akuonyeshe kibanio chake cha springi. Asipokuwa nacho, peleka gari kwa mwingine.