Pikipiki ya Bei Nafuu Ugenini: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

(Mada iliyotolewa kwa wanafunzi na wafanyabiashara vijana wanaojiandaa kusafiri nje ya nchi)



Kwa kawaida walaji hutuuliza juu ya mizani, vifungashio na bidhaa bandia za hapa nyumbani. Leo tumeombwa tuzungumzie jambo linalotokea mbali na mipaka yetu, mahali ambapo sheria zetu za kumlinda mlaji hazimfuati msafiri. Jambo lenyewe ni kununua pikipiki ya bei nafuu ugenini kwa nia ya kuitumia wiki chache na kuiuza kabla ya kurudi.

Tumeichagua Vietnam iwe mfano wetu, kwa sababu huko pikipiki ndiyo chombo kikuu cha usafiri wa watu, na biashara hii imekomaa. Kwa miaka mingi wasafiri wamekuwa wakinunua pikipiki zilizotumika mjini Hanoi, wakishuka nazo hadi Ho Chi Minh City, safari ya zaidi ya kilomita 1,600, kisha wakimwuzia msafiri mwingine anayepanda kaskazini. Hivyo pikipiki moja huweza kupita mikono mingi bila karatasi yoyote kubadilishwa. Hata hivyo, mengi tutakayoyasema yatamfaa pia anayekwenda Kampala au Kigali.

Bei na gharama

Wahenga walisema rahisi ghali. Pikipiki iliyopata umaarufu kwa wasafiri hao ni ile iitwayo Honda Win, ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikiuzwa kwa takriban dola 200 hadi 400 za Marekani. Lakini nyingi kati ya zinazouzwa kwa jina hilo si kazi ya Honda. Ni nakala zilizoundwa China au huko huko Vietnam. Nembo iliyobandikwa kwenye tangi haithibitishi aliyeiunda injini.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Msafiri ananunua pikipiki kwa dola 300. Anabadilisha breki, cheni na tairi kwa dola 70. Njiani anatumia dola 50 kwa plagi, oili na klachi. Siku 21 zikiisha anaiuza kwa dola 150, maana ndege yake inaondoka kesho na mnunuzi analijua hilo. Kwa jumla ametumia dola 270, yaani karibu dola 13 kwa siku, mbali na mafuta. Kama duka la kukodisha lingemtoza dola 8 kwa siku, angelipa dola 168, na matengenezo ya kawaida yangekuwa juu ya mwenye duka.

Hatusemi kwamba kununua ni kosa. Anayekaa miezi miwili au mitatu huenda akapata nafuu kweli. Tunachosema ni kwamba kila mmoja aweke namba zake mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Kadi ya pikipiki

Kama ilivyo kwetu, pikipiki ya Vietnam ina kadi inayoonyesha jina la mmiliki, namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini. Msafiri wa muda mfupi kwa kawaida hawezi kuisajili pikipiki kwa jina lake. Hukabidhiwa kadi yenye jina la raia ambaye hajapata kumwona. Tena, tangu tarehe 15 Agosti 2023, namba ya usajili nchini humo humfuata mmiliki wala haikifuati chombo, na anayeuza hutakiwa kurudisha kadi na kibao cha namba. Mauziano ya kupeana funguo kando ya barabara yako nje ya utaratibu huo.

Maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: msafiri amelipia matumizi, ilhali umiliki umebaki kwa mtu asiyemjua. Pikipiki ikiibwa au ikizuiwa na polisi, hana cha kuthibitisha kwamba ni yake. Kwa hiyo, pasipo na kadi, ondokeni. Ikiwapo, linganisheni namba zake na zile zilizogongwa kwenye chesisi na injini, tarakimu moja baada ya nyingine. Andikeni hati ya mauziano yenye tarehe, bei na sahihi za pande zote mbili, na kila upande ubaki na nakala. Kwa wanaokodi, msiache pasipoti kuwa dhamana. Tafuteni duka linalokubali amana ya fedha na kuitolea stakabadhi.

Leseni na bima

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nayo haionekani siku ya kununua. Nchini Vietnam, pikipiki yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 50 huhitaji leseni, na karibu zote zinazouzwa kwa wasafiri huzidi kiwango hicho. Kibali cha kimataifa cha udereva kinachotambuliwa huko ni kile kinachotolewa chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ambao Vietnam ilijiunga nao mwaka 2014. Uko pia Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, na vibali vya mikataba hii miwili havibadilishani. Kabla ya kusafiri, ulizeni mamlaka inayotoa kibali ni cha mkataba upi, na kama nchi mnayokwenda inautambua. Kibali huandamana na leseni ya nyumbani, na vyote viwili lazima vionyeshe daraja la pikipiki. Leseni ya gari peke yake haitoshi.

Muuzaji atawaambia kwamba polisi hawaulizi. Huenda ikawa kweli kwa wiki nzima. Lakini kampuni ya bima itauliza. Mikataba mingi ya bima ya safari huondoa malipo kwa anayeendesha bila leseni inayotambuliwa mahali alipo. Mingine huweka ukomo wa ukubwa wa injini, au haimlipi asiyevaa kofia ngumu au aliyekunywa pombe. Isomeni sehemu ya mambo yasiyolipiwa kabla ya kusoma orodha ya mafao, na mkiwa na shaka, ombeni jibu la maandishi.

Msidanganyike pia na cheti cha bima mtakachopewa pamoja na kadi. Bima ya lazima ya pikipiki nchini humo huwafidia wale mtakaowadhuru ninyi. Mfupa wako uliovunjika hauhusiki. Upasuaji, kitanda cha hospitali na safari ya kurudi nyumbani juu ya machela vitaiangukia familia. Sote tunaijua michango inayopitishwa kwenye makundi ya simu ndugu anapokwama mbali. Mara nyingi kinachohitajika huizidi mno bei ya pikipiki iliyosababisha yote.

Kukagua

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayewafuata hotelini akihimiza mlipe jioni ile ile, mwambieni mtarudi asubuhi. Kagueni mchana, injini ikiwa baridi. Ikiwa imekwisha kupashwa moto, huenda inafichwa shida ya kuwaka. Iwasheni, muutazame moshi: wa buluu huashiria kwamba injini inachoma oili, na mweusi kwamba inachoma mafuta kupita kiasi. Chomoeni kijiti cha oili mtazame kiwango na rangi. Sproketi ikiwa na meno yaliyochongoka kama ya msumeno, basi imekwisha pamoja na cheni yake.

Kisha jaribuni breki ya mbele na ya nyuma, kila moja peke yake. Geuzeni usukani pande zote mbili. Usikwame wala usicheze. Kagueni spoki, taa zote, honi na vioo. Kwenye ubavu wa tairi tafuteni tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mwisho, mlipeni fundi asiye wa muuzaji aipitie. Muuzaji anayekataa fundi amekwisha kuwapa jibu.

Barabarani

Vietnam huendesha upande wa kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo. Aliyezoea kushoto hukosea zaidi asubuhi anapoanza safari, anapokata kona, na anapotoka kituo cha mafuta ambapo hakuna chombo kingine cha kumwongoza. Kofia ngumu ni sharti la sheria kwa wote wanaopanda pikipiki tangu tarehe 15 Desemba 2007. Ile nyepesi ya plastiki inayotolewa bure pamoja na pikipiki ni ya kumpitisha mtu mbele ya askari. Nunueni kofia ya kweli. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Kuhusu pombe, tangu tarehe 1 Januari 2020 dereva haruhusiwi kuwa na kiwango chochote.

Kwenye miteremko mirefu, kama ile ya mlima Hai Van kati ya Hue na Da Nang, tumieni gia ndogo ili injini isaidie kuzuia mwendo. Breki zikishikiliwa muda mrefu hupata moto na kulegea. Barabara za mwendokasi haziruhusu pikipiki. Usiku kaeni hotelini, na mvua kubwa isubirini ipite.

Siku ya kuuza

Tumalizie na wajibu ambao wanunuzi wengi huusahau. Siku ya kuiuza pikipiki hiyo, nanyi mtakuwa wauzaji. Breki mnayoijua kuwa dhaifu itakwenda kumbeba kijana mwingine mlimani. Itengenezeni, au mwelezeni wazi mnunuzi na mpunguze bei. Haki mnayoidai mkiwa wanunuzi ndiyo mnayodaiwa mkiwa wauzaji, hata pasipokuwa na ofisi ya kupokea malalamiko.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, jiulizeni maswali manne. Je, leseni yangu inatambuliwa hapa? Je, bima yangu itanilipa nikianguka? Je, kadi inalingana na chombo? Je, fundi wangu ameiona? Jibu moja likiwa hapana, zipo treni na mabasi kutoka Hanoi hadi Ho Chi Minh City, na mandhari huonekana vizuri hata kutoka dirishani.

Tunawatakia safari njema na kurudi salama.