KUPONA NA KUPOKELEWA
Hotuba ya katekista katika siku kuu ya Yubile ya miaka 50 ya parokia yetu

Kamati ya Yubile imenipa kazi ya kusema maneno machache juu ya wagonjwa katika maisha ya parokia yetu. Jambo hilo ni pana sana, na saa za siku kuu ni chache. Kwa hiyo nimechagua mgonjwa mmoja tu. Ni dada yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, aliyepatwa na ugonjwa wa Ebola mwaka 2019, akapona, akarudi nyumbani. Jina lake silitaji, maana nyote mnamjua. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa kusema habari zake, na wakati huu ameketi kati yenu pamoja na mume wake na watoto wake watatu.

I. UGONJWA

Wazee wetu walikwisha kusikia jina la Ebola tangu mwaka 1976, lilipotokea mara ya kwanza Yambuku, katika hospitali ya misioni. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa. Masista waliokuwa wauguzi pale walikufa pia. Mwaka 1995 ugonjwa ulifika Kikwit, na Masista sita waliotoka Bergamo, Italia, walikufa kwa sababu hawakuwaacha wagonjwa wao. Lakini kwetu huku Kivu ya Kaskazini, habari hizo zilikuwa habari za mbali. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uko Mangina. Toka Mangina ukaenda Beni, toka Beni ukafika Butembo na Katwa. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 walikuwa wamekufa.

Wakati ule ulikuwa na giza. Tulikuwa tumechoshwa na vita na mauaji ya miaka mingi, ambayo hakuna aliyekuja kuyazima. Halafu kwa ghafula magari mengi yakafika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Watu wakajiuliza: hawa walikuwa wapi tulipokuwa tukizika wetu waliokatwa kwa panga? Wengine wakasema Ebola ni biashara, wengine wakasema ni siasa. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Mwezi wa nne munganga mmoja aliyetoka Kameruni kutusaidia aliuawa mle mle Butembo, akiwa kazini. Tusisahau hayo leo kwa sababu ya nderemo.

Katika siku hizo mama mkwe wa dada yangu aliugua. Dada yangu alimnywesha, akamwosha, akamfulia nguo, kama mkwe mwema anavyopaswa kufanya. Mama yule akafa. Baada ya siku nane dada yangu naye akapata homa, maumivu ya kichwa na kutapika. Mahali pa kwanza alipopelekwa walimpa dawa za malaria, kisha za tifoidi, kwa siku nne. Mwanzoni magonjwa hayo hufanana sana na Ebola. Siku ya tano alipimwa damu, akapelekwa katika kituo cha matibabu.

Aliwekwa katika chumba chenye kuta za plastiki angavu. Tuliruhusiwa kusimama nje na kumwona. Mume wake alisimama pale kila siku. Siku ya tatu dada yangu hakuweza tena kuinua mkono kutuamkia. Mama yetu, aliyezoea kuzungumza sana, hakusema neno mpaka tuliporudi nyumbani. Jioni ile shirika letu lilikutana kusali rozari. Tulikaa mbali mbali, mtu na kiti chake, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono.

Kisha dawa ilifanya kazi. Siku ya 19 alikuwa amepimwa damu mara mbili, na mara zote mbili virusi havikuonekana. Alioga kwa maji yenye klori, akavaa nguo mpya, akapewa cheti kinachosema kwamba amepona na kwamba kukaa naye nyumbani hakuna hatari. Wauguzi wakampigia makofi na kuimba. Tulidhani mambo yamekwisha.

II. KURUDI

Katika Sheria ya Musa, mwenye ukoma aliyepona hakujirudisha mwenyewe kambini. Padri alitoka nje ya kambi, akamtazama, akatangaza mbele ya watu kwamba ni safi. Hata hivyo alikaa bado siku saba nje ya hema yake. Ndiyo maana Bwana wetu, alipomponya mwenye ukoma, alimtuma pia ajionyeshe kwa padri. Alijua kwamba mtu anaweza kuwa mzima mwilini na kuendelea kuwa mgonjwa machoni pa jirani.

Dada yangu alikuwa na cheti chake. Waganga walimleta kwa gari, wakakusanya watu wa mtaa, wakaeleza. Mkubwa wa mtaa alikisoma cheti kwa sauti. Watu walitikisa vichwa, wakasema: ni vema, tumshukuru Mungu. Kisha kila mtu akarudi kwake.

Siku saba za Musa kwake zikawa miezi miwili. Alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni. Bidoni yake ilikwenda imejaa, ikarudi imejaa. Pale kisimani akina mama walimwachia nafasi, lakini nafasi ile haikuwa ya heshima. Kila aliposogea, msururu ulirudi nyuma. Shuleni mtoto wake wa pili alikaa peke yake kwenye benchi ya watu watatu. Godoro lake, vyombo vyake na nguo zake vilikuwa vimechomwa ili kuua ugonjwa, na nyumba haikuwa na kitu. Viungo vyake viliuma, macho yake yalisumbuliwa na mwanga, usiku hakulala. Waganga walisema hayo huwapata wengi waliopona, wakamwita mara kwa mara kumtazama. Lakini siku moja aliniambia: «Kaka, maumivu ya viungo nayavumilia. Kule kituoni walionihudumia walivaa mavazi yaliyofunika mwili mzima, na bado walinigusa. Hapa watu hawakuvaa kitu, na hakuna anayenigusa.»

Ndugu wapendwa, sisemi hayo ili kumhukumu mtu. Hofu ile ilikuwa na mizizi. Kila nyumba ilikuwa imezika, au ilimjua aliyezika. Kwa miezi mingi tulikuwa tumefundishwa kutogusa: tusiguse mgonjwa, tusiguse maiti, tusipeane mikono. Mlangoni mwa kanisa hili tuliweka ndoo za maji yenye klori, na wakati wa amani tuliinamiana vichwa tu. Mafundisho hayo yalikuwa ya haki, yaliokoa watu. Lakini mkono uliofundishwa kujizuia hausahau upesi. Unahitaji kufundishwa tena kushika.

Aliyetufundisha hakuwa padri, wala katekista, wala munganga. Alikuwa mama mzee mmoja wa shirika letu, mjane, asiyejua kusoma hata kile cheti. Siku ya Jumapili, baada ya Misa, alifika kwa dada yangu na sahani ya bugali na sombe. Hakuiacha mlangoni kama wengine walivyofanya. Aliingia, akaketi, akaosha mikono, akamwambia: «Mwanangu, leo nimechoka kula peke yangu.» Wakala pamoja katika sahani moja, mlango ukiwa wazi, watoto wa jirani wakichungulia. Juma lililofuata walikuja akina mama wawili. Baada ya mwezi mmoja bidoni ilianza kurudi tupu.

Tutazame Injili ya Lazaro. Kumtoa kaburini ilikuwa kazi ya Bwana peke yake. Lakini Lazaro alipotoka, mikono na miguu yake ilikuwa bado imefungwa kwa vitambaa vya maziko, na Bwana hakuvifungua mwenyewe. Aliwaamuru waliosimama pale wavifungue. Yeye aliyeweza jambo kubwa aliwaachia watu jambo dogo, nao walilazimika kumkaribia mtu aliyetoka kaburini na kumshika. Na katika sura inayofuata tunamkuta Lazaro mezani, akila pamoja na wengine, Marta akihudumu. Hapo ndipo ufufuko wake ulipokamilika machoni pa kijiji cha Betania: mezani.

III. DAMU YA ALIYEPONA

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hatukulijua wakati ule. Tulimwogopa aliyepona, kumbe yeye ndiye aliyekuwa na kitu cha kutupa.

Mwaka 1995 kule Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtoto wa nchi hii, na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona. Saba kati ya wanane walipona. Watu wa elimu wa nchi nyingine walikuwa na mashaka, maana wagonjwa walikuwa wachache. Lakini kazi haikuachwa. Kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, baada ya miaka mingi, ilipatikana dawa iliyoitwa mAb114. Ikajaribiwa hapa kwetu, katika vituo vya Mangina, Beni, Katwa na Butembo, pamoja na dawa nyingine tatu. Mwezi wa nane 2019 ilitangazwa kwamba mbili kati ya hizo nne zinaokoa watu wengi kuliko nyingine, na mAb114 ni mojawapo.

Fikirini vema, ndugu zangu. Mtu mmoja wa Kikwit, ambaye labda naye majirani walimkimbia, alibeba katika damu yake uzima wa watu wa Beni na Butembo ambao hakuwajua. Sisi tunaopokea kila Jumapili uzima utokao katika Damu ya Mwingine, tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa fumbo hilo.

Na dada yangu? Alipopata nguvu, aliitwa kulea watoto wachanga katika nyumba iliyojengwa karibu na kituo. Walikuwa watoto ambao mama zao walilazwa, na ambao bado walichunguzwa kwa siku 21 kama wameambukizwa au sivyo. Nani angewabeba watoto wale kifuani? Waliopona waliweza, kwa sababu miili yao ilikuwa imekwisha kupata kinga. Mikono ile tuliyoikimbia kisimani ndiyo iliyowabeba watoto wetu. Mmoja alikaa naye majuma matatu. Mama yake hakutoka. Siku baba alipokuja kumchukua mtoto, alimshika dada yangu mikono yote miwili, akalia, asiweze kusema asante.

Katika ugonjwa ule watu zaidi ya 1,100 walipona. Hapa kwetu huwaita washindaji. Jina hilo ni zuri, na wanalistahili. Lakini mshindaji asiyekaribishwa mezani ushindi wake una uchungu.

IV. OMBI LA YUBILE

Baba Askofu, wakristu wapendwa, tangu siku zile tumeona mengine. Mwezi wa pili 2021 Ebola ilirudi katika sehemu za Butembo. Watu 12 waliugua na sita walikufa, kisha ikazimwa kwa miezi mitatu. Ilizimwa mapema kwa sababu chanjo ilikuwapo, wauguzi walikuwa na elimu, na watu wengi hawakuficha tena wagonjwa wao. Haya ni matunda ya machozi ya 2019, tusiyapoteze.

Yubile katika Maandiko Matakatifu ni mwaka wa kurudi: kila mtu alirudi kwenye shamba lake na kwa jamaa yake. Basi ombi langu ni dogo, wala halihitaji franka. Kila shirika la parokia lichague watu wawili. Mmoja awe wa kwenda kumchukua kila mkristu anayetoka hospitalini, kifungoni, msituni mikononi mwa waliomteka, au popote ambapo watu huogopa kumpokea anayerudi. Wa pili awe wa kula naye siku hiyo ya kwanza, ndani ya nyumba, mlango ukiwa wazi. Mapadri wetu watuombee na kutusimamia, na kila mwaka siku ya somo wa parokia shirika litoe habari: tumewarudisha wangapi?

Tumejenga kanisa hili kwa matofali yaliyobebwa vichwani na mama zetu. Baada ya miaka mingine 50 matofali yatachakaa, na wajukuu wetu watayabadili. Lakini wakiweza kusema kwamba katika parokia hii hakuna aliyepona akaachwa nje, watakuwa wamepokea kwetu urithi usiochakaa.

Mungu Mwenyezi awape wagonjwa wetu uzima, awape pumziko la milele wote waliokufa, na atupe sisi mikono isiyoogopa kufungua vitambaa.