Barabara ni ya Nani?

Sina maneno mengi leo. Nataka tuulizane jambo moja tu: barabara hujengwa kwa ajili ya nani?

Katika Nairobi, karibu watu 4 kwa kila 10 huenda kwa miguu. Wengi wao ni sisi, tutokao Kibera na Mukuru alfajiri kwenda viwandani, maana nauli ingemaliza mshahara. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi iliandika sera kwamba 20 kwa mia ya fedha zake za barabara zitumike kwa waendao kwa miguu na wenye baisikeli. Mwaka 2022 Serikali Kuu ikafungua barabara ya kulipia, kilomita 27, toka Mlolongo mpaka Westlands. Mwenye motakaa hulipa akapita. Mwenye miguu haruhusiwi, wala mwenye baisikeli.

Ndugu zangu, mambo haya hayakuletwa na mvua. Yaliamuliwa na watu, na watu hao huomba kura zetu. Basi mjumbe wa Kaunti ajapo kuomba kura, tumwulize sote: zile 20 kwa mia zi wapi? Mmoja akiuliza atachekwa. Tukiuliza sote tutajibiwa.

Umoja ni nguvu.