Usalama wa Mgonjwa Hauko Mkononi mwa Mtu Mmoja

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu chumba cha upasuaji, mahali ambapo mtu hulazwa kwa dawa ya usingizi na kuyakabidhi maisha yake kwa watu asiowajua.

Wengi hudhani kwamba usalama wake hutegemea umahiri wa daktari mpasuaji peke yake. Umahiri ni lazima, lakini hautoshi. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kukaguliwa katika hospitali za miji minane, miongoni mwayo London, Manila na Ifakara nchini Tanzania. Kabla ya ngozi kukatwa, wahudumu wote husita kidogo. Hujitambulisha kwa majina, huthibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Kabla hajatolewa chumbani, vifaa na vitambaa huhesabiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Ushirikiano wa namna hiyo umefika pia katika tiba ya njia ya mkojo. Katika jimbo la Michigan, Marekani, madaktari wa fani hiyo waliunda umoja wao mwaka 2011. Mwanamume anayeshukiwa kuwa na saratani ya tezi dume huchukuliwa vipande vidogo vya tezi hiyo kwa sindano, ambayo mara nyingi hupitishwa katika njia ya haja kubwa. Bakteria wa humo huweza kuingia katika damu, na baadhi yao ni sugu kwa dawa iliyozoeleka.

Daktari aonaye mgonjwa wake mmoja akirudi na homa huweza kudhani ni bahati mbaya. Takwimu za wengi zikiwekwa pamoja, kasoro ya desturi nzima huonekana. Basi walikubaliana: ama bakteria wapimwe kwanza ili ichaguliwe dawa ifaayo, ama iongezwe dawa ya pili. Waliolazwa kwa maambukizo wakapungua kutoka asilimia 1.19 hadi 0.56.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, siku utakapoulizwa jina lako mara ya tatu kabla ya kupasuliwa, usikasirike. Jibu. Wanakulinda.