Mlango Hufunguliwa Kutoka Ndani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana baada ya swala ya Isha. Tumeyaandika hapa kwa wale waliokosa kuhudhuria.)



Vijana wenzangu, ndugu zangu, na kina dada mliokaa upande ule, shukran kwa kuja. Nimeambiwa nizungumze juu ya umoja. Najua mshachoka na neno hili. Kila mkutano umoja, kila msimu wa kura umoja, na tukitoka nje kila mtu anarudi kwa watu wake. Kwa hivyo leo sitawaambia kwamba umoja ni mzuri. Hilo mnalijua tangu madrasa. Nataka tuulizane swali jengine: ikiwa sote twajua umoja ni mzuri, mbona unatushinda?

Naanza na kisa changu mwenyewe, tena cha aibu.

Mtaani kwetu kulikuwa na timu mbili za mpira. Sisi wa juu, wao wa chini, uwanja mmoja. Tulikuwa tukicheza kila Jumapili, na anayefungwa ananunua maji ya ukwaju. Mwaka mmoja, kura zikikaribia, akaja mgombea na gari lake, akatoa jezi seti moja na mipira miwili. Akaipa timu yetu. Wenzetu hakuwapa kitu. Hakutuambia tuwachukie, alitabasamu tu, akapiga picha, akaenda zake. Wiki ya pili hakukuwa na mechi. Wenzetu walisema tumenunuliwa, sisi tukasema hao wana wivu. Wiki ya tatu watu wakashikana mashati uwanjani. Wiki ya nne nikasikia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mtu wa mtaa wetu akimwita jirani yake "wa kuja". Jirani ambaye babake alizaliwa pale pale.

Mimi nilivaa ile jezi. Nambari saba. Na wallahi niliipenda.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo sikulipata katika hotuba yoyote. Watu hawatengani kwa sababu wako tofauti. Sisi tulikuwa tofauti miaka yote ile, na tulikuwa tukicheza. Watu hutengana pale utengano unapoanza kuwalipa. Malipo yenyewe huwa madogo, lakini hutolewa leo, mkononi.

Sasa tutoke uwanjani, twende Ngomeni. Kila mmoja wenu ashapita Fort Jesus, wengine mnakwenda kupiga picha pale. Lakini ni wangapi tumejiuliza mlango wa mji huu ulifunguliwa na nani?

Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa. Hakuaminiwa, akang'oa nanga. Siku chache baadaye akafika Malindi, akakaribishwa vizuri, akapewa na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Kwa nini Malindi walimpokea? Si kwamba walikuwa watu wabaya, wala hawakuwa wajinga. Mombasa ilikuwa mshindani wao katika biashara, tena mwenye nguvu, na waliiogopa. Lugha yao moja, dini yao moja, wakisafiri kwa pepo zile zile za kusi na kaskazi. Lakini jirani alikuwa karibu na mgeni alikuwa mbali. Na binadamu humwogopa jirani anayemjua kuliko mgeni asiyemjua.

Mwaka 1505 Wareno wakaipora Mombasa na kuitia moto. Mwaka 1528 wakarudi wakaivamia tena, na safari hii watu wa Malindi waliwasaidia. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ile ngome, na mtawala wa Malindi akaletwa Mombasa kukalia kiti. Basi Malindi imeshinda, si ndio?

Ngojeni. Mwanawe, Sultan Hassan, akagombana na wakuu wa Kireno. Mwaka 1614 akakimbilia bara, upande wa Rabai, na Wareno wakawalipa watu wamuue. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto wake, Yusuf, naye akachukuliwa akiwa mdogo, akalelewa huko huko Goa, akabatizwa, akapewa jina la Kireno, kisha akarudishwa Mombasa kama mfalme wao. Agosti 1631 akawageuka, akaingia ngomeni na kumuua mkuu wake. Mwaka uliofuata akaiacha Mombasa, na Wareno wakarudi. Oneni mzunguko huo. Ukoo ule ule uliowapokea wageni kama marafiki ndio uliolazimika kuwapiga. Na mji wa Malindi wenyewe ukafifia. Zawadi ilipokelewa na baba, deni likalipwa na mjukuu.

Msidhani ni Malindi peke yao. Mji wetu huu wa Mombasa ulikuwa na Thenashara Taifa: Miji Tisa na Miji Mitatu, na kila upande una marafiki zake katika Mijikenda. Wakati wa utawala wa Wamazrui, Seyyid Said wa Oman alijaribu mara kadhaa kuuchukua mji huu na kuushika, ikamshinda. Mwaka 1837 akaupata. Wamazrui walikuwa wakigombania uongozi wao kwa wao, na baadhi ya wazee wa Miji Mitatu, wenye manung'uniko yao, wakaenda upande wake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Halafu akaja Muingereza, naye alikuja na daftari. Katika daftari kulikuwa na sehemu ya Waarabu na sehemu ya "wenyeji". Ukiandikwa huku, una kodi yako na haki zako. Ukiandikwa kule, una kodi nyengine na haki pungufu. Watu waliokuwa wakioana, wakizikana, wakiswali safu moja, sasa kila mmoja akaanza kutafuta nasaba ya kumtoa katika ukurasa mbaya. Miaka ya 1920 Waarabu walipewa haki ya kumchagua mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, na watu wa Thenashara Taifa wakaachwa nje. Mwaka 1927 wakaunda chama chao, Afro-Asian Association, ili kudai haki hiyo. Jamii moja ikawa na vyama viwili, na kila kimoja kinapeleka barua kwa afisa yule yule. Wazee walibishana miaka nani ni nani. Swali la kwa nini kuwe na kurasa mbili likawekwa kando.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mnaijua methali hiyo. Basi mwenye jembe alilima.

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, tuje karibu. Tarehe 13 Agosti 1997, hapo Likoni, ng'ambo ya feri tu. Wengine hapa mlikuwa hamjazaliwa. Kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, kisha wakaandamwa majirani waliotoka bara. Zaidi ya watu 100 walikufa, na takriban watu 100,000 wakahama makwao. Uchaguzi ulikuwa Disemba ya mwaka ule ule. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mambo hayo pamoja na vita vyengine vya kikabila nchini.

Sasa sikizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Manung'uniko ya wale vijana hayakuwa ya uongo. Watu wa Pwani kukosa hati za ardhi waliyozikwa babu zao, hilo ni kweli. Kukosa kazi bandarini huku wakiziona meli kila siku, hilo ni kweli pia. Lakini waliambiwa kwamba aliyechukua haki yao ni yule mama muuza mboga na yule fundi aliyepanga chumba cha jirani. Wakaahidiwa kuwa majirani wakiondoka, nyumba na ardhi zitakuwa zao. Jiulizeni: yule fundi alipokimbia, nani alipata hati ya ardhi? Vijana waliuawa, wengine walifungwa, mama zao walilia. Na biashara ya Pwani ikaanguka kwa kila mtu, mwenyeji na wa kuja.

Kwa hivyo mukiniuliza mbona umoja unatushinda, jibu langu ni hili. Maumivu yetu ni ya kweli, lakini huwa tunaoneshwa mtu wa karibu wa kumlaumu, kwa sababu aliye mbali hatumfikii. Kisha faida ya utengano hulipwa leo, taslimu, kwa wachache. Faida ya umoja huja kesho, kidogo kidogo, na inagawanywa kwa wote, hata kwa wale wasiofanya kitu. Binadamu ana haraka. Na hata anayetaka amani huogopa kuwa wa kwanza kuweka rungu chini, asije akapigwa. Basi sote tunabaki tumeshika marungu, na kila mmoja anasema anasubiri mwenzake.

Na kuna hatari nyengine. Wapo wanaotumia neno umoja wakimaanisha "nyamaza". Ukidai haki yako unaambiwa unaleta mgawanyiko. Hapana. Anayetaka tuungane huku amekalia fungu langu anataka utulivu tu, nao ni kitu chengine. Umoja ni lazima uanze na swali la nani kapunjwa.

Je, kuna waliofaulu? Sote twajua Madina. Aus na Khazraj walikuwa watoto wa mama mmoja kwa asili, na walikuwa wamepigana vizazi. Vita vyao vya mwisho, vya Buath, vilikuwa miaka michache tu kabla ya Hijra. Sisi tukisimulia huwa tunasema Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuja, nyoyo zikaungana, basi. Lakini tazameni kazi iliyofanywa. Kuliandikwa mkataba, unaosema kila ukoo utabeba diya gani na nani atasaidia mji ukivamiwa, Mayahudi wa Madina wakiwemo ndani na dini yao. Kisha kila Muhajiri akaungwa udugu na Ansari. Saad bin Rabii akamwambia Abdurrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Na Abdurrahman, mkimbizi asiye na kitu, akakataa, akaomba aoneshwe soko lilipo. Mmoja alikuwa tayari kupungukiwa. Mwengine alikuwa tayari kutomtumia ndugu yake. Palipo na watu wawili kama hao, umoja huota.

Na hata hivyo, haukuwa jambo la kufanywa mara moja likaisha. Miaka baadaye, safarini, watu wawili waligombana kisimani kwa ajili ya maji, na kila mmoja akawaita watu wake: huyu Ansari, huyu Muhajirina. Kisimani tu! Mtume aliingilia kati papo hapo, hakusubiri ufa uwe ukuta ulioanguka. Sasa ikiwa Masahaba walihitaji kuziba ufa, sisi wa grupu la WhatsApp ni nani hata tuseme "hayo ni maneno tu, yataisha"?

Namalizia pale nilipoanza, uwanjani.

Tulikaa karibu mwaka mzima bila mechi. Mgombea alishinda, hatukumuona tena. Siku moja kapteni wetu, kijana mkimya, fundi wa pikipiki, aliokota jezi zote kumi na nne kwetu nyumba kwa nyumba. Tulidhani anazipeleka kufuliwa. Akatoa saba, akavuka barabara, akazipeleka kwa kapteni wa timu ya chini. Wachezaji wetu wakamtukana msaliti. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa sababu nambari saba ilikuwa katika zile alizotoa. Jumapili ile ile wenzetu wakaja uwanjani. Nusu yao wamevaa jezi, nusu fulana. Sisi vile vile. Refa hakujua nani ni nani, tukacheka mpaka tukakaa chini. Tukacheza tumbo wazi, timu moja imevaa na nyengine imevua.

Huo ndio umoja niliouona kwa macho yangu. Uligharimu jezi saba na jina zuri la mtu mmoja.

Basi nawaomba mambo matatu, nanyi mkayafanyie kazi mitaani. La kwanza, mtu akikuletea chuki juu ya jirani, kabla hujasambaza, muulize atapata nini yeye, kisha ujiulize utapata nini wewe. La pili, msikae na umoja wa mdomo. Wekeni mambo kwa maandishi: basari zimekwenda kwa nani, maji yanafunguliwa siku gani kwa nani, nafasi za kazi ni ngapi na zimegawanywaje. Orodha ibandikwe ukutani kila mtu aisome. Shaka hukua gizani. La tatu, na hili ndilo zito: kila mmoja atafute jezi yake. Kitu ulichopewa wewe ili mwenzako akose. Unakijua. Usiku huu ukilala utakikumbuka.

Mwaka wa kura ukija, gari litakuja tena mtaani, na jezi zitakuwa ndani. Sisemi msizipokee. Nasema zikifika, zihesabuni, kisha mvuke barabara na nusu yake.

Allah atuunganishe juu ya haki, na atuepushe na kuwa mlango wa adui kwa ndugu zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.